Kijana wa Koti katika Filamu ya Kochi

Mjukuu wangu Kabula, anayesoma mambo ya habari chuoni, alinipigia simu akiwa amenuna. Mwalimu wao amewapa filamu ya kuchambua. Ni ya mapigano na vichekesho, na watu wanakimbizana humo kwa sababu ya dawa za kulevya. "Bibi, sasa hapo nichambue nini? Wanapigana, wanachekesha, imeisha." Nikamwambia atafute mahali akae. Filamu ya namna hiyo nimeitafsiri mbele ya watu hapa Bariadi mpaka nikawa naiota, na iliniingiza katika mambo ya familia ya mtu. Nilimweleza mpaka salio likaisha. Yaliyobaki nayaandika hapa ayasome yeye, na ninyi wenzake mnaosoma mambo haya, na ninyi wengine mnaotengeneza klipu kwa simu bila kuyasoma popote.

Jina langu ni Minza. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu. Watu walituita madijei, ingawa muziki haukuwamo. Kulikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, mabenchi, televisheni juu ya meza, deki, spika, na pembeni kiti changu na maiki. Filamu inakuja na lugha yake ya huko ilikotoka. Mimi napunguza sauti yake, nasema kwa Kiswahili. Stelingi, yule shujaa wa filamu, ni mimi, adui ni mimi, mama mkwe ni mimi, na mbwa akibweka ovyo nambwekea mimi. Mwanamke kushika kazi ile lilikuwa jambo la kushangaza. Mtu aliyeingia mara ya kwanza alikuwa ananyoosha shingo kumtafuta dume lenye sauti ya adui, anakuta mama na kitenge chake.

Kazi yenyewe niliipata kupitia ukutani. Nilikuwa nauza chai na maandazi nje ya kibanda, mgongo wangu umeegemea mabati. Ndani anatafsiri mzee Luhende, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini kuonyesha watu kilimo bora cha pamba. Siku moja sauti ilimkauka filamu ikiwa katikati. Watu wakaanza kupiga mabenchi. Mwenye kibanda, Mabula, akatoka nje amejishika kichwa. Nikamwambia filamu hiyo naijua, nimeisikia wiki nzima. Hakuuliza mara mbili, akanisukuma ndani.

Kweli niliijua, lakini kwa masikio tu. Mle ndani kulikuwa na mwanamke mwenye sauti nzito, na mimi moyoni nilishaamua kuwa ni mama yake stelingi. Nikamtafsiri hivyo kwa heshima zote. "Shikamoo mama, umeshindaje?" Stelingi akamkumbatia. Halafu akambusu mdomoni. Halafu wakaingia chumbani wakafunga mlango. Kibanda kizima kililipuka. Wapo watu wazima hapa mjini mpaka leo wakikutana na mimi wananisalimia kwa sauti ile. Luhende mwenyewe alicheka mpaka koo likafunguka.

Kesho yake akaniita. "Masikio unayo," akasema. "Sasa tukutafutie macho."

Alinifundisha kwamba filamu mpya haitafsiriwi siku ileile inapofika. Kwanza unaitazama mpaka mwisho ukiwa umezima sauti kabisa. Kisha unaigeuzia mgongo, unaisikiliza tu. Hili ndilo nililomwambia Kabula kabla ya jingine lolote. Ukizima sauti, unaona kamera inampenda nani. Kuna mtu inamsogelea, inamtazama kutoka chini kama mtoto anavyomtazama baba yake. Kuna mwingine inampita kama jiwe la njiani. Na ukiigeuzia mgongo, unasikia muziki unavyokwambia ucheke hata kabla hujaona cha kuchekesha. "Wale waliotengeneza wameshaamua wewe umpende nani," Luhende alisema. "Ujue kwanza kwamba wameamua. Ndipo ufungue mdomo."

Sasa filamu yenyewe. Ilifika msimu wa kuuza pamba, mji umejaa watu kutoka vijijini. Jina lake la asili sikuwahi kulishika. Hapa kwetu iliitwa Filamu ya Kochi.

Kuna binamu wawili wanaosambaza fanicha kwa pikapu mbovu. Wametumwa kumpelekea bibi kizee mmoja kochi lake, wakachanganya, wakabeba kochi la watu wengine ambalo ndani limejazwa heroini, ule unga unaowamaliza vijana. Bosi mwenye unga anawakimbiza. Polisi anawakimbiza wote. Bibi naye amelipenda kochi, amekaa juu yake na hashuki. Kuna sehemu kochi linateleza barabarani katikati ya magari, risasi zinapita, na bibi yuko juu yake anafuma sweta. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Bibi nilimpa Kisukuma. Wale binamu niliwapa Kiswahili cha vijana wa Dar. Bosi nilimpa Kiswahili cha mkutano wa hadhara: "Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa, nalazimika kuwapiga risasi."

Nilipoitazama kwa kuzima sauti niliona kuwa kamera imempenda bosi kuliko binamu wenyewe. Suti nyeupe, meno meupe, na kabla hajampiga mtu anacheza kidogo. Haikupita muda vijana wakawa wanatembea kama yeye pale stendi. Na ule unga ulikuwa kitu cha kuchekea. Kochi linapasukia ndani ya kiwanda cha mikate, heroini inachanganyika na unga wa ngano, watu wanapigana humo mpaka wote wanakuwa weupe, wanapiga chafya, wanaanza kucheza. Hakuna anayeugua, hakuna anayetapika.

Halafu kuna kijana mmoja nje ya kiwanda. Amesimama kando ya ukuta, mkono mmoja ameshika bakuli la supu, mwingine ameuacha umenyooka tu mbele yake. Amesinzia. Magoti yamekunjika, mwili umeinama, lakini haanguki na supu haimwagiki. Binamu wanapita mbio. Wanataka kuficha koti la polisi waliloiba, basi wanamtundikia kwenye ule mkono kama vile ni kigingi, wanampachika na kofia, wanaendelea. Bosi naye akifika anafutia mikono kwenye lile koti, anaondoka. Kijana hasemi neno. Hana jina. Muziki pale ni wa tarumbeta, ile ya kukukumbusha kucheka, na mimi nilimwekea binamu mmoja maneno haya: "Kumbe huku mjini hata miti inavaa!" Kila siku watu walianguka kwenye mabenchi hapo.

Mabula alipoona filamu inapendwa akataka kuipeleka Bukundi, kule Meatu kwa wafugaji. Tukabeba televisheni na jenereta, tukaonyesha mchana ndani ya ghala tupu. Kule nilitafsiri kwa Kisukuma mwanzo mpaka mwisho. Ikafika mahali bosi anataja thamani ya mzigo wake, nami nikaona mahesabu ya fedha za kigeni hayatamsaidia mtu, nikasema mzigo huo ni sawa na ng'ombe wa kujaza bonde lote lile tulilopita. Mzee mmoja mbele akainua fimbo.

"Simamisha."

Tukasimamisha.

"Hiyo mali ikinyeshewa mvua?"

"Inaharibika, baba."

"Inazaa?"

"Haizai."

"Akifa mwenyewe, watoto wanarithi?"

"Nadhani wanafungwa."

Akageuka kwa wenzake, wakazungumza kidogo, akarudi kwangu. "Basi huyu wa suti nyeupe ni mjinga. Haya, endelea."

Kuanzia hapo bosi hakupata heshima tena mle ghalani. Akicheza, walimwonea huruma kama mtu aliyerukwa na akili. Filamu ni ileile iliyowafanya vijana wa Bariadi watembee kwa madaha. Ndiyo maana nilimwambia Kabula asiandike "watazamaji walimpenda mhusika" kana kwamba watazamaji ni mtu mmoja anayekaa mahali pamoja. Aseme watazamaji wa wapi, na wanafuga nini.

Tuliporudi Bariadi, siku ya soko, aliingia Mama Holo. Huyu alikuwa mkulima wa Zagayu aliyekuja mjini kuuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na mimi nilikuwa mteja wake. Alikuwa ameniletea mzigo wangu. Kiti changu kilitazama watu, televisheni naiona kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu DJ asiyeona nyuso za watu hajui anasema nini. Kwa hiyo nilimwona vizuri. Amesimama mlangoni na beseni kichwani, anatafuta pa kupita, na kwenye televisheni koti linatundikwa. Kibanda kinatikisika kwa kicheko. Mama Holo alishusha beseni chini polepole, akatazama mpaka picha ile ikapita, akatoka. Beseni aliliacha.

Alirudi siku ya soko iliyofuata, asubuhi, kabla hatujafungua.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia, ile salamu yetu ya asubuhi kwa mama. "Beseni lako nimelitunza."

"Mwangaluka." Hakuligusa beseni. "Yule kijana wa koti. Amelogwa na nani?"

Nilidhani ananitania. Uso wake haukuwa wa utani.

"Hajalogwa."

"Mtu anasinzia amesimama, haanguki, hasikii, na hajalogwa?"

"Ametumia ule unga. Ule uliomo kwenye kochi. Mtu akiutumia anakuwa hivyo."

Akakaa kwenye benchi la mbele. Akaanza kunieleza habari za mwanawe wa kiume, Jilala. Alikwenda Dar kufanya kazi za ujenzi, akarudi amekonda. Msimu wa palizi walimkuta katikati ya pamba amesimama, jembe mkononi, ameinama vilevile kama yule wa kwenye filamu, jua linampiga utosini. Ndugu wakasema amechezewa na watu. Akapelekwa kwa waganga, akachanjwa, mbuzi wakaisha zizini. Wa kanisani nao waliomba wakachoka. Kila akipata nauli anapotelea Mwanza, akirudi kuna kitu kimepungua nyumbani.

"Nimezunguka kote huko," akasema, "hakuna aliyeniambia. Nimekuja kuambiwa na filamu ya kuchekesha." Kisha akasema, "Nionyeshe tena."

Nikawasha deki. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Koti likatundikwa, bosi akafuta mikono, picha ikaondoka.

"Na baadaye anakuwaje?"

"Sijui, mayu. Tutazame."

Tukaitazama mpaka mwisho. Mwishoni kuna harusi na wote wanacheza. Binamu wapo, polisi yupo, bibi yuko juu ya kochi lake, hata bosi anacheza na pingu mikononi. Mama Holo alikuwa anatafuta uso mmoja baada ya mwingine.

"Simamisha. Kule nyuma, yule aliyejificha?"

Nikasimamisha. Tukaangalia wa nyuma wote.

"Hayupo," nikamwambia.

"Yule bibi wamemrudishia kochi," akasema. "Huyu hata kulitoa koti lile mkononi mwake hawakurudi."

Nawaambia ninyi mnaochambua: niliwahi kukutana na maswali mengi mazuri katika kazi yangu, na lile la Mama Holo, kwamba baadaye anakuwaje, ndilo lililonikaa. Filamu ya vichekesho huwa inamaliza kwa kuwakusanya watu wake. Hesabu yako ianzie kwa wasiokusanywa.

Nilimpeleka hospitali kwa muuguzi niliyemfahamu. Muuguzi akasema Mwanza ipo kliniki, mgonjwa anapewa dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, na wapo wanaopona. Lakini lazima akubali mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu Jilala alikuwa anasema ana malaria sugu na hatumii kitu chochote. Mama Holo akafikiri, akaniambia, "Nitakuletea. Usimwambie neno. Mwonyeshe tu."

Akamleta. Kijana mrefu, mpole, shati la mikono mirefu kwenye joto lile. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia, nikampa chai, nikawasha filamu kama vile naijaribu deki. Alicheka kwenye sehemu ya bibi na sweta, alicheka vizuri kabisa. Ilipofika kiwanda cha mikate akatikisa kichwa.

"Hapa wamedanganya."

"Wapi?"

"Hakuna anayecheza."

Kisha likaja koti. Mama yake alikuwa anatazama sakafu. Jilala aliweka kikombe chini.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Huyu mwigizaji alikwenda akamwangalia mtu. Magoti ni yenyewe." Akaitazama tena. "Wewe hapa unasemaje?"

Nikamwambia, kwamba huku mjini hata miti inavaa. Akatabasamu kidogo.

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu. Hawakumwandikia."

"Lakini anawasikia." Alisema hivyo akiwa bado anatazama kioo. "Watu wanadhani umelala. Njaa husikii, baridi husikii, ila maneno yanaingia. Pale kijiweni Dar walikuwa wananipanga vifuniko vya soda begani, wanashindana nani atavipanga mpaka shingoni. Nilikuwa navisikia vikipangwa. Nilikuwa nasema, ngoja nimwambie huyu aache. Mdomo haufunguki."

Alikuwa amejitaja mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Mama yake alisikia. Hakulia, hakumfokea. Alisema tu, "Ng'wanone," mwanangu, akamwekea mkono mgongoni, na tukaiacha filamu ijiendee yenyewe.

Wakati wa kuondoka Jilala aliniuliza, "Siku ya soko utaionyesha?"

"Nitaionyesha."

"Pale kwake nipe maiki. Nitamsemea."

Mama Holo akashtuka. "Watu wa Zagayu wanajaa humu siku hiyo. Watakujua."

"Wananijua, mama. Wanasema nimelogwa na shangazi, na shangazi hana kosa. Bora wajue kitu chenyewe."

Mabula nilimwambia asubuhi ya siku yenyewe, ili asipate muda wa kukataa. Alikataa hivyohivyo. "Minza, watu wanakuja hapa kupumzika. Ukiwaletea mahubiri watahamia kwa jirani." Nikamwambia ni sehemu fupi, akimaliza tu narudi mimi na kochi linaanza kuteleza. Akasema lolote litakalotokea yeye hayupo. Kisha akakaa mlangoni.

Jilala alikuja amekauka midomo na jasho linamtiririka. Hakuwa amekwenda Mwanza siku zile, na mwili ulikuwa unamdai. Wenyewe wanaita arosto. Viungo vinauma, tumbo linakata, na ukiwa hapo unajua kabisa ni kitu gani kimoja kitakachokutuliza. Nilimkalisha kwenye kigoda kando yangu. Nikamfundisha yale ninayoweza kumfundisha mtu kwa haraka, asiimeze maiki, maneno yawe machache kuliko anavyodhani, na asikimbizane na picha, picha itamsubiri.

Kibanda kilijaa mpaka dirishani. Nilitafsiri kama kawaida na watu walicheka kama kawaida. Walioijua filamu walishaanza kuwabonyeza wenzao: subiri uone mti unaovaa. Binamu wakatokea mbio. Nikamsogezea Jilala maiki. Koti likatundikwa, kicheko kikaanza, na chini yake ikaja sauti isiyokuwa yangu, ya taratibu, haikuigiza kitu.

"Nawasikia. Mnavyocheka nasikia. Macho ndiyo hayafunguki."

Wakacheka zaidi. Walidhani ni mbwembwe mpya.

"Koti hili ni zito. Naomba mmoja wenu aniondolee."

Kicheko kikapungua upande wa mbele, walioweza kumwona.

"Mimi nina mama. Anauza michembe hapo sokoni, mnamjua. Sikulogwa na mtu. Natumia unga. Nataka kuacha na sijui naanzia wapi."

Kwenye picha bosi alikuwa amefika, anafuta mikono kwenye koti. Hapo mimi huwa nina maneno ya bosi, ya kuchekesha sana, na yalikuwa yameshafika mdomoni. Niliyameza. Nikaiachia filamu sauti yake ya kigeni, tarumbeta zikapiga, na kwa mara ya kwanza nilizisikia zikipiga peke yao. Kunyamaza nako ni tafsiri. Luhende hakunifundisha hilo, sijui kama yeye alilijua.

Mtu mmoja nyuma akafoka, "Sisi tumekuja kucheka!" Simlaumu, alikuwa anasema kweli. Mwingine akapaza sauti, "Rudisha!" Mjue kwamba "rudisha" ni neno la kwenye mapigano, stelingi akiruka vizuri watu wanataka waone tena. Mabula ndiye aliyetoka mlangoni akaja akairudisha yeye mwenyewe. Safari ile koti lilitundikwa na hakuna aliyesema kitu, si mimi wala Jilala wala wale wa kwenye mabenchi. Halafu kochi likaanza kuteleza barabarani na bibi juu yake, na watu wakacheka tena, kwa sababu bibi yule alikuwa anachekesha kwelikweli. Vitu vyote viwili vilikaa kwenye filamu moja na watu walewale.

Sitaki muondoke hapa mkidhani maiki ilimponya. Alitoka nje akatapika nyuma ya kibanda, na usiku ule, mama yake aliniambia baadaye, alilia kwa maumivu na kumwomba nauli ya Mwanza. Alimpa. Lakini alipanda naye gari. Walikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake Mama Holo anayekaa kule, na kesho yake wakaamkia kliniki. Jilala alianza dawa, akaacha, akapotea vijiweni, mama yake akaenda kumtafuta kijiwe hadi kijiwe akiwa na picha yake, akampata, akaanza upya. Mashamba ya Mama Holo kule Zagayu mwaka ule yalilimwa na wale waliokuwa wanasema amelogwa. Walijigawia zamu bila kuitishwa kikao. Nadhani waliona ni rahisi kumsaidia mgonjwa kuliko kumsaidia aliyelogwa, maana aliyelogwa lazima atafutwe mchawi kwanza.

Siku hizi Jilala yuko Nyashimo, anatengeneza milango na madirisha ya aluminiamu. Ameoa. Niliwahi kumwomba aje azungumze na vijana wa shule. Akanijibu kwa adabu kwamba alishasema, na waliokuwepo walisikia, na kwamba kila akisimulia mwili unaanza kukumbuka, hivyo nimsamehe. Nilimwelewa. Ninyi mnaotafuta watu wa kuwahoji mbele ya kamera, mkumbuke kuna watu ambao simulizi yao ikisimuliwa mara mbili inawaumiza.

Kazi nayo ilibadilika. Kanda zilikwisha, zikaja sahani za DVD, zikaja flashi, sasa mtu anawekewa filamu iliyotafsiriwa kwenye simu anaitazama akiwa amelala. Wanaotafsiri leo wanakaa chumbani na kompyuta, na wapo wazuri kuliko mimi, lugha zenyewe wanazijua, wakati mimi nyingine nilikuwa nazibuni kwa kutazama midomo. Wanachokosa ni kile kiti kilichogeukia watu. Kwa hiyo mkitengeneza kitu chenu, kabla hamjakirusha, mwonyesheni mtu mmoja na mumtazame yeye usoni, msitazame kioo. Atawaambia mengi kabla hajafungua mdomo.

Mabula alifunga kibanda watu walipokwisha. Lakini kabla hajafunga, msimu wa masika, ilinyesha mvua kubwa mchana, na waliokuwa sokoni wakakimbilia ndani. Mama Holo alikuwemo. Tangu zile siku hakuwa ameingia tena kutazama, aliishia kuniachia michembe mlangoni. Safari hii akapata nafasi benchi la pili, akajifuta maji usoni, akakaa. Nilikuwa naonyesha filamu ya jamaa aliyepewa punda badala ya mahari na punda hataki kutoka sebuleni. Haikuwa na unga wala bunduki. Ikafika punda amekalia zulia la mama mkwe, na mama mkwe anamvuta mkia, na nikasikia sauti ambayo sikuijua. Ilianza kidogo kama mtu anayekohoa. Nikatazama, ni Mama Holo. Anacheka. Kilemba kimemwangukia begani, amemshika jirani yake mkono, jirani asiyemfahamu kabisa, anataka kujizuia na hawezi.

Punda akaendelea na mambo yake kwa lugha ya kwao. Watu wakaanza kupiga mabenchi. "DJ! Tafsiri! Anasemaje?"

Nikawaambia wasubiri kidogo.